Mipini Arobaini

Jumatatu, 10 Februari

Mipini kumi na mitatu leo. Kidole gumba cha kulia kimevimba tena. Nimekikanda kwa maji ya chumvi, hakuna tofauti.

Barasa anafua mapanga kutoka kwa springi za lori. Mimi natia mipini. Miaka tisa sasa katika kibanda hiki cha jua kali hapa Kitale, yeye upande wa moto, mimi upande wa mbao. Mapanga arobaini yanatakiwa Bungoma Ijumaa, dukani kwa Bwana Harjit. Wakata miwa wa huko wanayapenda kuliko ya kiwandani kwa sababu chuma chake hakipindi.

Mpera mkavu umeisha. Miti iliyobaki ni ya grevilea, na imekatwa mwezi uliopita tu. Nikiinua kipande nasikia uzito wa maji. Nitaitumia. Sina nguvu ya kuzunguka kutafuta mbao.

Jumanne, 11 Februari

Ishirini na miwili leo. Mgongo.

Barasa huchoma mkia wa panga mpaka uwe mwekundu, kisha mimi nausukuma ndani ya mti nao unajichimbia nafasi. Mti mkavu hutoa moshi mwembamba kisha unanyamaza. Huu wa leo ulitoa mvuke na povu. Ulilia kama kitunguu kwenye mafuta. Barasa aliniangalia. Nikaangalia pembeni. Nikachukua mpini uliofuata.

Ijumaa, 14 Februari

Nimepeleka. Bwana Harjit alichukua moja, akaligonga kwenye kaunta, akalipeleka kwenye mwanga wa mlango. "Mama Rosa, kazi safi." Baba yake aliuza mapanga kwenye kaunta hiyohiyo, kwa hiyo neno lake lina maana kwangu. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Nilirudi nikalala na viatu.

Jumapili, 16 Februari

Kanisani nilisinzia. Hakuna jipya.

Alhamisi, 20 Februari

Bwana Harjit alipiga simu saa tano asubuhi. Jana kule Kabuchai chuma cha panga kilichomoka kwenye mpini mwanamke akiwa anakata miwa. Kilipita kwenye kiatu cha gambuti na kuingia juu ya mguu. Yuko hospitalini Bungoma.

Alinitumia picha ya mpini. Mpini mtupu, tundu wazi kama mdomo. Alama yangu ya nukta tatu iko pale chini, nilizozichoma mwenyewe.

Tundu limekuwa pana. Mti umekauka juani, umesinyaa, umeachilia mkia. Sikuhitaji mtu wa kunieleza.

Sikula.

Ijumaa, 21 Februari

Nilimwonyesha Barasa ile picha. Aliitazama sana. Halafu akasema, "Huyo aliacha panga kwa jua. Watu hawa hawatunzi vitu bana. Si makosa yako."

Miwa hukatwa juani. Panga litaachwa wapi tena?

Lakini nilitaka kumwamini. Kutwa nzima nilitaka kumwamini, na saa kumi nikaacha kujaribu.

Jumamosi, 22 Februari

Bungoma. Kwanza dukani. Kati ya mapanga arobaini, kumi na tisa yalikuwa yameuzwa. Ishirini na moja nimeyarudisha kwenye magunia. Bwana Harjit hakunifokea. Ingekuwa rahisi kama angefoka. Aliniuliza tu, "Mti ulikuwa umekauka?" Nikasema sijui. Uongo wa kwanza wa siku.

Kisha hospitalini. Anaitwa Nasimiyu. Nilidhani nitakuta mtu mzima kama mimi, kumbe hajafika arobaini. Amekata miwa tangu alipoolewa. Mguu umefungwa mpaka juu ya kifundo. Daktari amemwambia mshipa unaoinua vidole umekatika, wameushona, na sasa ni kungoja.

Niliweka ndizi na mayai ya kuchemsha kwenye meza. Aliniuliza, "Mama, wewe ni wa kanisa?"

Nikasema ndiyo.

Neno moja tu. Lilitoka lenyewe. Nikaketi kitandani kwake tukala ndizi. Nikamuuliza kama ana maumivu. Aliniambia usiku mguu unawaka moto, ila asubuhi ni baridi na hausikii kitu, na hilo la kutosikia kitu ndilo linamtisha. Alipoona nasimama kuondoka alinishika mkono akasema Mungu anibariki.

Mimi ni mtu mbaya.

Jumapili, 23 Februari

Sikuenda kanisani. Ningeendaje.

Jumatano, 26 Februari

Nimeng'oa mipini yote ishirini na mmoja. Tisa ilitoka kwa mkono, bila nyundo. Tisa! Niliipanga sakafuni nikaitazama. Barasa alikuja, akajaribu mmoja, ukatoka. Akaurudisha mahali pake polepole kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe. Akaenda kuwasha moto wake.

Nimeamua nitajaribu kila kitu kinachoweza kuwa mpini. Nitaloweka kwenye beseni usiku kucha, nitaweka juu ya mabati siku nzima, nitagongesha kwenye gogo la mkaratusi mara mia. Kitakachobaki kimeshika, hicho.

Ijumaa, 28 Februari

Bomba la plastiki, lile la maji, limeyeyushwa juu ya mkia. Linashika chuma vizuri sana. Maji hayalifanyi kitu. Lakini juani linakuwa laini kama ubani uliotafunwa, na kiganja kikiwa na jasho linateleza. Hapana.

Mpira wa tairi la lori, vipande viwili vilivyobanwa kwa misumari ya ribiti. Unashika mkono. Haupasuki. Unanuka, lakini hakuna aliyekufa kwa harufu. Labda.

Mkaratusi mkavu. Ulipasuka kwa urefu ulipogonga mara ya arobaini na kitu.

Pembe ya ng'ombe kutoka kwa mchinjaji, nimeichemsha, nimeinyoosha, nimeipiga ribiti tatu. Hii ni kitu kingine. Haijui maji, haijui jua. Inang'aa. Niliipitisha mkononi mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nadhani ni hii.

Kidole gumba kinapiga kama moyo.

Jumatatu, 3 Machi

Tumegombana na Barasa. Ana mapanga sita yamepoa yanangoja mipini na mimi naloweka pembe kwenye beseni. Alisema, "Mama Rosa, wewe unatafuta mpini wa mbinguni. Watu wanataka panga." Nikamwambia achukue mipini yake akatie mwenyewe. Akasema atatia. Akatia miwili, yote imepinda. Hatujaongea tangu saa nane.

Alisema jambo jingine, na ndilo linalouma. "Kama ni huyo mwanamke unamtafutia dawa, si uende umwambie?"

Kumbe alijua sijamwambia.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika pole pole kwa sababu nataka kukumbuka yote.

Niliamkia Kabuchai. Bwana Harjit alinipa majina ya waliochukua mapanga, wale anaowajua. Nilitembea kutoka boma hadi boma, kisha kwenye mashamba ya miwa, nikiuliza. Nimepata kumi na mawili. Kila mmoja nilimpa panga jingine la kuazima, la mpini wa zamani, na kumwambia lile lina kasoro. Mzee mmoja alikataa kunipa lake. Alikuwa ameshafunga mpini kwa waya na alikuwa akiuloweka kwenye ndoo kila jioni ili uvimbe. "Mimi najua kuishi nayo," alisema. Nililipata baada ya kubembeleza nusu saa.

Nasimiyu amerudishwa nyumbani. Alikuwa ameketi nje kwenye mkeka, mguu juu ya kigoda. Mama mkwe wake, ambaye kila mtu pale anamwita Kukhu, yaani bibi, alikuwa anapeta maharagwe. Nasimiyu aliponiona aliangua kicheko cha furaha. "Kukhu, huyu ndiye yule mama wa kanisa nilikwambia!"

Kukhu akainuka aniletee kiti. Nikasema sitaketi.

"Nasimiyu, mimi si wa kanisa. Yaani ninaenda, lakini sikutumwa na kanisa. Mimi ndiye nilitia ule mpini."

Bado alikuwa akitabasamu kidogo, kama hajasikia vizuri. "Mpini gani?"

"Wa panga lako. Mti ulikuwa mbichi."

"Ulijua ni mbichi?"

"Nilijua."

Ungo wa Kukhu ulinyamaza. Nasimiyu alitazama mguu wake, halafu mimi, halafu mguu.

"Na ukakuja hospitali. Ukaketi kwa kitanda yangu. Ukakula ndizi na mimi."

"Ndiyo."

"Unajua mimi nilikuombea? Kila jioni. Nilisema, Mungu, huyo mama hata hanijui na amekuja kuniona, usimsahau. Hata watu wa kwetu hawajakuja wote, na wewe ulikuja. Nilikuombea wewe kabla niombee huu mguu." Sauti ilipanda. "Si ungesema siku hiyo? Mti ni mti, inaweza kudanganya mtu. Lakini wewe ulinidanganya na mdomo."

Kukhu aliniambia niende. Hakupiga kelele. Alisema, "Mama, sasa nenda," kama mtu anayefunga mlango wa kuku.

Nilikuwa nimefika kwenye miwa ya kando ya njia Nasimiyu akaniita. Si kwa jina, hakulijua.

"We mama! Hizo panga zingine, utazitia nini sasa?"

Nikasema nimejaribu plastiki, mpira, pembe. Nadhani pembe.

"Unadhani. Umewahi kukata miwa wewe?"

"Hapana."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Sasa utajuaje?" Alikuwa analia na kukasirika pamoja. "Leta zote hapa. Mguu ndio umeumia, mkono bado niko nao. Leta, na usilete ndizi."

Ijumaa, 7 Machi

Nimelala mpaka saa nne. Sijawahi.

Nilimwambia Barasa kila kitu. Alisikiliza huku akivuta mvukuto. Mwisho akasema, "Basi nitakufulia manne mazuri." Ndivyo anavyoomba msamaha.

Jumatano, 12 Machi

Manne yako tayari. La pembe. La mpira. La tatu nimelitia mpera. Jirani alikuwa na mpera ulioangushwa na upepo mwaka juzi, vipande vikawekwa juu ya dari ya jikoni vikasahauliwa huko kwenye moshi. Vyepesi, vigumu, rangi ya chai. Alinipa viwili.

La nne ni mzeituni wa mwitu. Watu hunong'ona kwamba kuna wanaoutoa mlimani, juu ya Cheptais, lakini mti ule umekatazwa kukatwa na mimi nina makosa ya kutosha. Nilichukua mchi wa mama yangu. Alipondea mtama na karanga kwa mchi ule maisha yake yote na haukuwahi kupasuka hata unywele. Nilikaa nao mapajani asubuhi yote. Halafu nikaupiga msumeno. Ilichukua saa mbili kuukata, meno ya msumeno yote yameisha. Ndani ni mweusi na wa hudhurungi, mishipa kama maji yanayotembea.

Ni mpini mzuri kuliko wote niliowahi kutengeneza. Mkono wangu unauma mpaka begani. Kama Nasimiyu hatauchagua huu, sijui.

Jumamosi, 15 Machi

Kabuchai tena. Nasimiyu alikuwa anangoja. Mume wake Wekesa alikuwa ameleta mzigo wa miwa na kuuweka mbele ya kigoda. Hakunisalimia. Kukhu alinisalimia kwa kichwa.

Nasimiyu alimimina maji ya miwa kwenye viganja vyake kwanza, akapaka na vumbi. "Hivi ndivyo mkono unakuwa saa tatu asubuhi," alisema. Sikuwa nimefikiria hilo. Siku zote nilijaribu na mikono mikavu, au yenye maji safi.

Pembe: mapigo manne. La tano panga lilimzunguka mkononi. Akaliweka chini. "Hii ni ya kutundika kwa ukuta."

Mpira: alikata muda mrefu zaidi. Kisha akanionyesha kiganja, chini ya kidole cha pili, ngozi imeanza kuinuka. "Inashika, lakini inakula. Ukiwa nayo wiki mzima huna ngozi."

Mzeituni. Aliupenda machoni, niliona. Akakata. Safi kabisa, haukuteleza, haukutikisika. Nikaanza kupumua. Baada ya dakika chache akabadilisha mkono, akaupunga ule wa kwanza hewani.

"Ni mzito, mama. Unavuta bega. Saa nne hivi utaanza kukosea, na ukikosea unakata mguu." Akaniangalia. "Ulitoa wapi mti kama huu?"

Nikamwambia.

Aliugeuzageuza ule mpini, akaufuta kwa leso yake, akaulaza juu ya mkeka, si kwenye vumbi na yale mengine.

Mpera. Nilingoja aseme kasoro yake. Alikata muwa wa kwanza, wa pili, wa tano. Wekesa akamsogezea mwingine bila kuambiwa. Kukhu alikuja kusimama nyuma yangu. Alikata mzigo wote mpaka ukaisha, uso wake umelegea, kama mtu aliyesahau kuna watu. Halafu akabaki ameshika panga na hakuna kitu cha kukata.

"Hii," akasema. "Lakini hapa chini uache mnene. Kama kisigino. Kidole cha mwisho kipate mahali pa kushikia. Na huo mkia wa chuma utoke upande wa pili uukunje, usikomee ndani. Hata mti ukisinyaa utakwenda wapi?"

Miaka tisa. Sikuwahi kuukunja.

Nilichora kwenye kiganja changu kwa kalamu, maana sikuwa na karatasi. Alinisahihisha mara mbili.

Nilipoondoka, Wekesa alinisindikiza mpaka barabarani. Pale barabarani akasema, "Daktari anasema vidole haviinuki. Atatembea, lakini shambani hatarudi. Nimeona ujue." Akageuka.

Jumapili, 16 Machi

Atatembea lakini hatarudi. Nimeandika ili nisiweze kujifanya sikusikia.

Jumanne, 25 Machi

Nimetafuta mpera kila mahali, mpaka Webuye. Kuna mbichi mwingi. Mkavu, hakuna. Mtu hakaushi mpera wa kuuza, anausahau tu mahali.

Nimenunua mbichi. Nimeukata vipande, nimepaka nta kwenye ncha ili usipasuke, nimeupanga darini jikoni kwangu na nafasi katikati. Miezi sita, labda saba. Bwana Harjit alitaka mapanga ya msimu huu. Nilimwambia hapana, na nikamwambia kwa nini, pamoja na ule uongo wa siku ile. Akasema, "Mama, basi Septemba." Nikasema labda Oktoba.

Barasa anafua vibaniko vya nyama na bawaba za milango. Mimi nanoa visu vya watu. Si kazi ya kujivunia. Inatosha unga.

Kati ya yale kumi na tisa yaliyouzwa, moja ni lile lake. Kumi na tano nimeyapata. Matatu hayajulikani yalipo. Moja ati lilienda Cheptais na mtu wa soko. Wakati mwingine nikiwa nanoa namwona mtu nisiyemjua akiinua mkono.

Ijumaa, 28 Machi

Nimepata moja. Lilikuwa limegeuzwa komeo la mlango wa zizi. Nilicheka peke yangu barabarani.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua tangu saa sita. Hakuna mteja. Barasa amelala juu ya magunia, kofia usoni.

Nasimiyu alipiga simu. Ni mara ya kwanza ananipigia yeye. Nilidhani kuna jambo. Hakukuwa na jambo. Alisema kwao mvua imezidi, maharagwe waliyopanda yameanza kuoza kwenye mistari ya chini, ya juu yako sawa. Alisema Kukhu ana kikohozi na hataki dawa. Aliuliza huku kwetu mahindi yamefika wapi, nikamwambia yanafika kwenye goti. Akasema hayo ni ya mapema. Nikasema ndiyo, ni ya jirani, yeye hupanda mapema kila mwaka.

Nikasikia mvua ya kwake kwenye simu, na hii ya kwangu kwenye mabati.

Akasema haya mama, nitachemsha chai. Nikasema haya.

Nimekaa hapa mlangoni. Maji yanapita katikati ya vibanda, yanabeba vumbi la mbao na kuteremka nalo kuelekea sokoni.